Haki Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Na Wakili, Kizingo, Mombasa

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara yeyote wa Marikiti huielewa bila kufafanuliwa. Nadai katika makala haya kwamba haki nayo ni mali ya umma, kwamba daftari lake ni rekodi ya polisi na ya mahakama, na kwamba sisi tuliojitwika kazi ya mageuzi tumelipuuza daftari hilo kwa muda mrefu mno.

Tulipigania kura, na mwaka 1991 kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kikafutwa. Tulipigania katiba, na tarehe 27 Agosti 2010 ikatangazwa. Lakini muulize leo mwanaharakati hodari, au mzee wa kanisa aliyekesha katika mikutano ya katiba, ni wapi na kwa njia gani mwanakijiji wa Bura, Kaloleni au Lunga Lunga atapata nakala ya kesi ya jinai iliyosikizwa hadharani katika wilaya yake. Wengi watababaika. Baadhi watasema, "Nenda kwa gavana." Wengine watasema, "Tafuta wakili Mombasa." Majibu yote mawili yanampoteza mwananchi, na kila anayepotezwa hivyo ni mtu mmoja zaidi anayeamini kwamba mahakama ni ya wenye nacho.

Rekodi hizi ni za nani?

Katiba yetu, katika Kifungu cha 159, yasema kwamba mamlaka ya mahakama hutoka kwa wananchi. Kifungu cha 50 chaamuru kesi isikizwe hadharani. Kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na pia haki ya kudai habari za uongo zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe. Basi ikiwa kesi ilisikizwa mlango ukiwa wazi, kwa jina la Jamhuri, na hakimu akilipwa kwa kodi zetu, kwa hoja gani kilichoandikwa humo ndani kiwe siri ya karani?

Yako majibu mazuri machache kwa swali hilo, nami nitayafikia. Lakini kwanza tutazame gharama ya kutokuwa na daftari, na faida ya kuwa nalo. Mifano yote miwili iko katika pwani yetu hii.

Somo la Hola

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya Mto Tana, wazuiliwa 11 waliuawa kwa kipigo baada ya kukataa kufanya kazi za kulazimishwa. Serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba vifo hivyo vilitokea baada ya watu kunywa maji ya gari la maji. Uongo huo ungalisimama lau si uchunguzi wa vifo uliofanywa mbele ya hakimu W. H. Goudie, ambaye aliandika kwamba watu wale walikufa kwa sababu ya kupigwa. Maandishi hayo yalifika London, na usiku wa tarehe 27 Julai 1959 Bunge la Uingereza likaketi kuijadili Hola. Enoch Powell, mbunge wa chama tawala ambaye hakuna awezaye kumwita rafiki wa Mwafrika, alisimama akaikemea serikali ya chama chake mwenyewe.

Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Lakini karatasi iliendelea kuishi. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa mahakamani London, serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imehifadhi katika jengo la Hanslope Park faili za ukoloni ambazo hazikuwahi kuonyeshwa, zikiwemo takriban 1,500 zilizohusu Kenya. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Wazee wale walikuwa na kumbukumbu zao miaka yote hiyo na hawakusikizwa. Walisikizwa pale kumbukumbu zao zilipokutana na karatasi.

Somo la Shakahola

Mfano wa pili ni mchungu zaidi kwa wasomaji wa kurasa hizi walio waumini. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani mwaka 2024 kwa mashtaka mazito yatokanayo na vifo hivyo, na si kazi yangu kuyahukumu hapa. Ninachotaka kukitaja ni kile kilichokuwa kimeandikwa kabla ya watu kufa. Mhubiri huyo alishtakiwa mwaka 2017 kwa ajili ya mafundisho yake, likiwemo suala la kuwatoa watoto shuleni, na akaachiliwa. Mwaka 2019 alikamatwa tena kwa sababu ya kanda za mahubiri alizozisambaza bila leseni, na kesi hiyo haikuamuliwa mpaka Novemba 2023, wakati makaburi yalikuwa yamekwisha kufukuliwa. Kamati maalumu ya Seneti, ikiongozwa na Seneta wa Tana River Danson Mungatana, ilisema katika ripoti yake ya Oktoba 2023 kwamba vyombo vya haki ya jinai vilishindwa kuuzuia uovu huo.

Sisemi kwamba faili moja ya Malindi ingaliwaokoa wote. Rekodi ya mwaka 2017 ingalionyesha mashtaka, na ingalionyesha pia kwamba mtu aliachiliwa, na aliyeachiliwa na mahakama hana hatia. Lakini jamaa zao walioona mama na watoto wakiuza kila kitu na kwenda msituni wangalikuwa na jambo la kuanzia: lilidaiwa nini, nani alitoa ushahidi, kwa nini mashtaka yalianguka. Mchungaji wa kanisa jirani angaliweza kumwuliza chifu maswali kwa ushahidi mkononi. Badala yake, watu wa Bara na wa Pwani walimfuata mtu ambaye historia yake mahakamani waliisikia kwa uvumi tu.

Rekodi zinakaa wapi?

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Nitachukua kaunti ya Tana River, yenye watu 315,943 kwa hesabu ya mwaka 2019, kwa kuwa ni kaunti ya mashambani hasa, na kwa kuwa utaratibu wake hautofautiani na wa Kwale, Lamu au Taita Taveta.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kaunti haina rekodi za jinai. Ugatuzi uliwapa magavana zahanati na kilimo, wala haukuwapa mahakama, polisi au magereza. Hivyo usipoteze nauli kwenda makao makuu ya gavana. Rekodi zimegawanyika katika sehemu zifuatazo.

Ya kwanza ni kituo cha polisi. Kila tukio linaloripotiwa huandikwa katika kitabu cha matukio, ambacho kila mtu hukiita OB. Anayeripoti ana haki ya kupewa nambari ya OB, na nambari hiyo ndiyo ufunguo wa milango mingine yote. Usitoke kituoni bila ya kuinakili pamoja na tarehe.

Ya pili ni masjala ya mahakama. Humo mna rejista ya kesi za jinai, na kwa kila kesi mna faili yenye hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi, yaani maneno ya mashahidi kama hakimu alivyoyaandika, pamoja na hukumu na adhabu. Kwa Tana River, mahakama ya mahakimu iko Hola na nyingine Garsen. Kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, ambayo ina kituo chake Garsen. Mahakama ya Kadhi haisikizi jinai, basi usitafute huko. Na yale yanayomalizwa kwa maslaha chini ya mti, hata yakiwa ni ubakaji wa mtoto uliolipiwa mbuzi, hayaachi rekodi popote. Hilo peke yake latosha kuwa hoja ya kuyakataa.

Ya tatu ni Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, inayotunza alama za vidole na kutoa cheti cha tabia njema. Ombi hufanywa kupitia eCitizen na alama huchukuliwa katika ofisi za idara hiyo au vituo vya Huduma. Cheti hiki hutolewa kwa mhusika mwenyewe tu. Huwezi kumwombea jirani yako. Lakini kanisa, madrasa au shule inaweza kumwambia anayetaka kufundisha watoto akilete cha kwake.

Ya nne hujulikana na wachache. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 yaamuru Msajili wa Mahakama Kuu aweke rejista ya watu waliotiwa hatiani kwa makosa hayo, na kwamba mtu mwenye sababu ya maana aruhusiwe kuikagua. Ni makanisa mangapi yamewahi kuuliza juu ya rejista hiyo kabla ya kumkabidhi mtu shule ya Jumapili?

Ya tano ni kwa mambo ya zamani. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huweza kumfungulia msomaji nyaraka za umma zilizotimiza miaka 30. Na hukumu za Mahakama Kuu na za Rufaa huchapishwa bila malipo na taasisi ya serikali iitwayo Kenya Law. Kijana mwenye simu anaweza kuzisoma akiwa Garsen. Pengo kubwa liko katika mahakama za mahakimu, ambako ndiko kesi nyingi za wanyonge huanzia na kuishia.

Njia ya kufuata

Anza kwa kukusanya mambo manne: jina kamili la mshtakiwa, mahakama, mwaka, na nambari ya kesi. Ukikosa nambari, jina na mwaka vyatosha kuanzia katika rejista, na nambari ya OB yaweza kukufikisha kwenye hati ya mashtaka. Kisha andika barua kwa msimamizi wa mahakama, ukieleza kama unataka kuikagua faili au kupewa nakala. Ipeleke mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri na kutiwa tarehe. Ada ya kukagua na ya nakala hulipwa kwa njia rasmi na risiti hutolewa. Atakayekuomba fedha mkononi hakuombi ada.

Ukikataliwa, au ukizungushwa kwa "njoo kesho", tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari, nambari 31 ya mwaka 2016. Ni silaha nzuri iliyolala ndani ya ala. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kusoma aweza kulitamka, na afisa anapaswa kumwandikia na kumpa nakala. Kuomba hakutozwi ada. Kinacholipiwa ni gharama ya nakala. Sababu yako ya kutaka habari haiwezi kutumiwa kukunyima. Jibu lapasa kuja ndani ya siku 21, na ikiwa jambo lahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Kimya huhesabiwa kuwa ni kukataa, na aliyekataliwa hupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile iitwayo Ombudsman, katika muda wa siku 30.

Mfungwa na siku 14

Watu wengi hudhani rekodi ya jinai ni ya kumshtaki jirani. Kwa hesabu yangu, anayeihitaji zaidi ni mfungwa maskini. Tumfikirie mfugaji aliyehukumiwa Hola miaka 15. Sheria yampa siku 14 za kukata rufaa. Hawezi kuandika sababu za rufaa bila kusoma hukumu, na hukumu iko katika faili iliyoandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza, ikingoja kupigwa chapa. Sheria ya Mwenendo wa Jinai yaruhusu mahakama za chini kutumia Kiswahili, lakini mwenendo huandikwa kwa Kiingereza kana kwamba mshtakiwa ndiye mgeni.

Naye atambue haya. Kifungu cha 50 cha Katiba champa haki ya nakala ya mwenendo kwa muda unaofaa baada ya kesi kwisha. Na Sheria ya Mwenendo wa Jinai, katika kifungu cha 349, yailazimisha mahakama ya rufaa kumpokea hata baada ya siku 14, ikiridhika kwamba alichelewa kwa kukosa nakala aliyoiomba. Lakini sharti awe aliiomba! Kwa hiyo barua yenye muhuri ni uhuru wa mtu. Jamaa anayempelekea mfungwa sabuni na asimpelekee barua hiyo amefanya nusu ya wema.

Na faili ikipotea? Mahakama ya Rufaa imekwisha kuamua mara kadhaa kwamba kupotea kwa faili hakumfungulii mtu mlango moja kwa moja; mahakama hupima, na yaweza kuamuru kesi irudiwe. Basi mfungwa hana faida ya hakika katika faili iliyopotea, na aliyedhulumiwa hana faida kabisa. Anayefaidika ni yule aliyelipwa ili ipotee.

Mipaka ya haki hii

Niliahidi kuyafikia majibu mazuri ya wanaotaka siri. Wanasema rekodi zikifunguliwa ovyo, kila mwenye kinyongo atazibeba sokoni, na wakati wa uchaguzi zitakuwa mawe ya kurushiana. Hofu hiyo ni ya kweli. Kule Marekani, mtu huingia katika ofisi ya karani wa mahakama ya kaunti ndogo ya mashambani na kuomba faili bila kuulizwa sana. Lakini huko huko zimezuka kampuni zinazouza rekodi hizo, na mtu aliyekamatwa siku moja miaka 20 iliyopita hukosa kazi na nyumba hata kama hakutiwa hatiani.

Kwa hiyo tuwe na adabu ya daftari. Kukamatwa si kushtakiwa, kushtakiwa si kutiwa hatiani, na aliyeachiliwa ameachiliwa. Anayesoma hati ya mashtaka asiache kusoma hukumu. Jina la mtoto, awe mshtakiwa au aliyetendewa, halitangazwi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yamlinda. Mahakama yaweza kuwatoa watu chumbani ili kumlinda shahidi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamzuia mtu kusambaza habari za mwenzake apendavyo. Na aliyeachiliwa, kisha akaona jina lake bado limechafuliwa katika rekodi, adai lisahihishwe chini ya Kifungu cha 35.

Lakini mipaka hii ni ya kulinda watu. Haikuwekwa ili karani amfukuze mama aliyesafiri kutoka Kipini kuulizia kesi ya mwanawe. Na hao wanaohofia uvumi wakati wa uchaguzi wajiulize uvumi hukua wapi: hukua pale ambapo hakuna awezaye kwenda kusoma yaliyoandikwa.

Tudai nini, tufanye nini?

Mwaka 2024 Idara ya Mahakama ilitangaza kwamba mfumo wa kufungua kesi kwa kompyuta umeenea nchi nzima. Tunaupokea kwa shukrani. Lakini mfumo huo hauandiki upya faili za mwaka 2015, wala haumfikii mtu asiye na mtandao. Mafuriko ya 2023 na ya 2024 yalizikata barabara za Tana River, na karatasi haina ngalawa.

Kwa hiyo tudai mambo haya. Kila mahakama ya mashambani ibandike mlangoni, kwa Kiswahili, orodha ya rekodi zilizopo, ada yake na idadi ya siku za kusubiri. Mahakama zinazotembea vijijini ziende na rejista, ili mtu aulize habari za kesi pale pale. Faili za zamani zipigwe picha kabla ya maji na mchwa kuzimaliza. Na mfungwa asiye na uwezo apewe mwenendo wake bila kuomba mara tatu.

Nasi tuna kazi yetu tusiyoweza kumwachia mtu. Makanisa na misikiti imeenea mahali ambapo mawakili hatufiki. Kila parokia, kila kanisa, kila msikiti uchague watu wawili wajuao kusoma na kuandika, wenye siri na wenye subira, mmoja wao awe mwanamke. Wapewe daftari. Waandike nambari za OB za wanakijiji wanaoripoti, tarehe za kesi, majina ya mahakama, na barua zilizopelekwa. Watu wawili tu na daftari moja, na baada ya mwaka mmoja kijiji hicho kitakuwa kimejua mengi kuhusu haki yake kuliko sisi tulivyojua katika miaka mingi ya mikutano.

Ndugu wasomaji, andikeni barua ya kwanza mwezi huu. Gongesheni muhuri. Hesabuni siku 21. Jibu litakalokuja mlilete tulichapishe. Na kikija kimya, tutakichapisha pia, pamoja na tarehe yake.